Kulewa kwa Maji ya Mida

Nianze na neno lenyewe, maana neno ndilo lililoniponza. Mtu akipanda chombo, tumbo likampanda kooni, kichwa kikamzunguka, miguu ikawa si yake, husemwa amelewa. Mtu akishinda mangweni anakunywa mnazi, akarudi nyumbani akigongana na kila mti wa njiani, naye husemwa amelewa. Neno hilo hilo. Nazi hii moja ina majina yasiyokwisha, kidaka, kitale, dafu, koroma, mpaka ifike kuitwa nazi, kila umri wake umetengewa jina. Lakini mimi mwanamke mzima, mama wa watoto, nikizidiwa na maji natiwa kapu moja na mlevi. Kwa miaka mingi sikuona ubaya wake. Nilikuwa nalitamka mwenyewe bila kufikiri, jana nililewa, juzi sikulewa. Sasa siwezi kulisikia. Mtu akilisema mbele yangu namsimamisha hapo hapo: amelewa nini? Malizia maneno yako.

Mimi ni mtu wa Gongoni, upande wa mashamba ya chumvi. Shule niliiacha mapema, kuandika nimejifunzia ukubwani, kwa hiyo anayesoma akikuta njia imepinda aninyamazie, nitarudi. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mgema. Tuliishi Magarini kwanza, na nyumbani kwetu mnazi haukukosekana, vibuyu vimetundikwa kama wengine wanavyotundika nguo. Yeye alipanda minazi mirefu, upepo ukiipinda huku na huku, naye juu kule anachonga karara yake na kuimba. Hakujua kizunguzungu ni nini. Nami niliwapimia wateja wake maisha yangu yote ya ndoa, na tone halikupita mdomoni mwangu. Si kwa dini, wala si kwa uzuri wa tabia. Harufu yake tu hunitia kigegezi. Tumbo lisiloweza mtikiso wa maji litauweza mnazi? Haya ndiyo mambo mtu angejiuliza kabla ya kunituhumu. Hakuna aliyejiuliza.

Ugonjwa huu ni wangu tangu ujana. Siku zile Kilifi haina daraja, watu na magari wakivushwa kwa pantoni, mume wangu alinichukua kwenda kuwaona ndugu zake ng'ambo ya pili. Safari yenyewe, ukianza kula embe hulimalizi, umefika. Mimi nililitapika embe lenyewe. Nililitapikia kwenye kofia ya mume wangu, maana ndiyo iliyokuwa karibu, naye badala ya kukasirika alicheka mpaka akachutama.

"Mke wangu," akasema, "mimi nakaa juu ya mti unaoyumba sijalewa, wewe umesimama juu ya chuma kipana kama uwanja, umelewa."

Abiria wakacheka pia. Hakuna aliyefikiria pombe. Neno ni hilo hilo na kila mtu alilielewa, kwa sababu waliniona kwa macho yao. Ubaya wa neno hili ni linapopigiwa simu.

Binti yangu wa mwisho aliolewa kisiwani, kisiwa kimoja ndani ya hori ya Mida. Jina la kisiwa silitaji, watu wake ni wachache na wote wanajuana. Kijana alikuja Gongoni kununua chumvi ya kukaushia samaki, akarudi tena kununua chumvi, akarudi tena, mpaka nikajiuliza samaki gani hawa wasioshiba. Binti akasilimu, akaozwa kwa heshima, nami sikuwa na la kusema. Ni watu wa swala tano, watu wa usafi, hata ua wao hufagiwa kabla majani hayajaanguka. Mama wa yule kijana nitamwita mkwe, kwa kuwa ndivyo tunavyoitana. Ni mwanamke mrefu, mkavu, asiyeinua sauti. Sina ubaya naye. Ninao kidogo.

Hori ya Mida, kwa asiyeijua, ni maji ya bahari yaliyoingia nchi kavu kwa mlango mwembamba kule Watamu, yakaja kutulia kati ya mikoko. Watu hukwambia ni maji ya ndani ya sufuria. Na hapo ndipo wanaponiudhi, wakinitazama na kusema, "Bibi, hapa halewi mtu, hapa si baharini." Tumbo langu linajuaje kama hapa si baharini? Chombo kikienda sina shida sana. Kikisimama ndipo mambo huanza, maana kimekosa pa kwenda, basi hubaki kuyumba ubavu kwa ubavu, polepole, na moshi wa mashine unakurudia usoni. Na boti la kule lazima lisimame. Kabla ya kisiwa chetu kuna kisiwa kidogo cha mikoko mitupu, ambako watu wameweka mizinga ya nyuki. Boti huwapeleka kwanza hao wafuga nyuki, ndipo livuke kutoka kisiwa kile kuja chetu. Vipande viwili vya safari, vyote vifupi, ungeweza kumwita mtu wa upande wa pili akakuitikia. Mimi katika vipande hivyo nimetoa nyongo mara nisizoweza kuzihesabu, ila kila mara nilinawa uso na kungoja miguu inirudie kabla ya kubisha hodi kwa wakwe.

Dawa nimejaribu zote, na kila abiria ni daktari. Mmoja aliniambia niweke gazeti tumboni, ndani ya nguo. Nikaweka. Nilitapika huku nikichakarika kama mfuko wa karanga. Mwingine akasema nisile kitu tangu jana yake, na huyo alikosea kabisa, tumbo tupu ndilo baya kuliko yote. Mwingine naye akasema nijishindilie pilau ili tumbo liwe zito lisitikisike. Huyo sikumsamehe, na mwenye boti pia hakunisamehe. Msichana wa duka la dawa pale Malindi akaniuzia kidonge. Kweli sikutapika, lakini nilimaliza siku nzima ya ziara yangu nimelala ukumbini kwa watu, mdomo wazi, nikaamshwa saa ya kurudi. Hata sura ya mwanangu sikuiona vizuri siku hiyo.

Mwisho nikajitafutia yangu. Asubuhi nakula kipande cha muhogo wa kuchoma, mkavu, bila chai. Nikiingia kwenye boti sikai ubaoni, nakaa chini, katikati, mahali ambapo pande zote mbili zinayumba lakini pa kati panayumba kidogo. Natazama kitu kimoja kilichosimama, mti au jiwe, wala siwatazami watu, maana watu nao wanayumba. Na mkononi nina chupa yangu. Naponda tangawizi mbichi, nakamulia ndimu, natia maji ya dafu, nachuja, nanywa funda moja moja. Hainiponyi. Inanipunguzia.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Simu ilikuja kwamba binti yangu amejifungua salama, mtoto wa kiume. Kwetu sisi, na kwao pia, mama wa mzazi huenda kukaa na mwanawe mpaka arubaini itimie. Anamkanda, anamwogesha mtoto, anampikia uji. Nilikuwa na wajukuu kwa wanangu wengine, lakini wale walizaliwa mbali, mijini, nikaletewa wameshaota meno. Huyu ndiye ambaye ningempakata akiwa bado mwekundu. Sikulala vizuri kwa hamu. Nikakamua mafuta ya nazi kwa mikono yangu, nikasaga unga wa mtama, nikafunga kanga mbili mpya. Kinywaji changu cha tangawizi nikakitia katika chupa ya soda, na kwa sababu kifuniko kilikuwa kimepotea nikaiziba kwa kipande cha nailoni.

Mtu wa pwani anayesoma hapa ameshanitangulia. Maji ya dafu yakikaa na ndimu na tangawizi huwa na rangi gani? Nyeupenyeupe, na povu kidogo juu. Na mnazi ukiuzwa siku hizi huuzwa katika chupa gani? Haya. Lakini mimi ningejuaje. Aliyekaa na mnazi nyumbani maisha yake yote hauoni tena, kama vile asivyouona mlango wake.

Nilifika ufukweni maji yakiwa yanajaa. Nahodha wa boti ni mtu ninayemfahamu, baba wa watoto, mcheshi, mwenye simu mbili na salio katika hata moja hana. Tulisalimiana, akanisaidia kupakia, nikakaa chini pale pangu. Kipande cha kwanza nilikivuka mzima, nimekazia macho mkoko mmoja, hata nikaanza kujisifu moyoni. Tukafika kwenye kisiwa cha nyuki. Wale wafuga nyuki wakashuka, halafu wakaanza kuulizana nani ameacha wavu wa kufunika uso. Mmoja anasema uko kwako, mwingine anasema mimi nilibeba ndoo. Wakapekua mizigo yote. Boti limesimama. Mashine inanguruma bila kwenda, moshi unakuja, ubavu wa kulia unashuka, wa kushoto unapanda.

"Bibi, tazama mbali," nahodha akaniambia.

"Nitazame mbali gani, na mbele yangu ni mikoko?"

"Basi fumba macho."

"Nikifumba ndipo inazunguka. Waambie hao watafute wavu wao wakiwa nchi kavu."

"Tunaondoka sasa hivi, bibi."

Hatukuondoka sasa hivi. Walipoupata wavu, mmoja alikuwa ameukalia, mimi nilikuwa nimeshainamia ukingo wa boti. Yaliyonitoka sina haja ya kuyaeleza. Kipande cha pili nilivuka nimelala juu ya gunia la unga la mtu, nimeikumbatia chupa yangu, na hapo ndipo nahodha alipopiga simu kisiwani. Nilimsikia kwa masikio yangu. Salio lake ni lile la kukatika, basi alisema kwa haraka:

"Mwambieni mama mwenye nyumba, unga wake upo, na yule mama wa Gongoni yupo. Ila amelewa. Amelewa haswa, kusimama hawezi. Leteni mtu wa kumshika."

Ikakatika. Nami pale chini nikamshukuru. Nikasema moyoni, mtu mwema huyu, ananifikiria.

Nilipokuja harusini walinipokea kwa vigelegele kuanzia ufukweni. Safari hii alikuja mkwe peke yake, amejitanda mtandio, akatazama kulia na kushoto kabla ya kunifikia. Akanishika kiwiko kwa ncha za vidole, kama mtu anayeepua sufuria ya moto bila kitambaa.

"Karibu, mkwe. Tupite nyuma."

"Nyuma kuna nini?"

"Kuna kivuli. Na hakuna watu."

Nikaona ni hisani, ananisitiri nisionekane nguo zimeloa. Akanipeleka kwenye banda la jikoni, nje ya nyumba, akanitandikia mkeka, akaniletea kahawa tungu isiyo na sukari, kikombe cha kwanza, kikombe cha pili. Chupa yangu akaitoa mkononi mwangu taratibu, akaenda kuiweka juu ya ukuta wa ua, mbali, akarudi akinawa mikono. Mimi kichwa bado kinaelea. Yeye akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akanitazama kwa huruma. Yale tuliyozungumza pale, mimi nilikuwa nazungumza habari ya maji, naye alikuwa anazungumza habari ya mnazi, na kila mmoja alimwelewa mwenzake vizuri sana.

"Mkwe, nikuulize kitu, usinichukie," akasema. "Hali hii ilikuanza lini?"

"Ya kulewa? Tangu ujana, mkwe."

"Na marehemu alikuwa akijua?"

"Asijue vipi? Nilimtapikia kofia, naye akacheka tu."

Akatikisa kichwa. "Hukujaribu kuacha?"

"Niache? Nikiacha mwanangu nitamwonaje?"

"Kwa hivyo ni kwa ajili ya mwanao."

"Hata nikienda kwingine ni hivyo hivyo. Lakini huku kwenu ndiko kunakonizidia."

"Sisi tumekukosea nini, mkwe?"

"Hamjakosa kitu. Ni pale kati tu, tukisimama pale kwenye nyuki. Ila mimi hujitayarisha tangu nyumbani, si unaona nimekuja na chupa."

"Nimeiona," akasema, na akavuta pumzi ndefu. "Sasa lala. Usingizi utaitoa. Ukiamka uoge, usukutue, halafu jioni tutatazama habari ya mtoto."

Hapo ndipo nilipokaa kitako. "Tutatazama nini? Nimekuja kumpakata."

"Hapa ni nyumba ya swala, mkwe. Mtoto mchanga hapakatwi na mtu aliyekunywa."

"Aliyekunywa nini?"

"Tusifichane, sisi ni watu wazima. Nahodha amepiga simu mwenyewe. Umelewa."

Sijui kama aliyesoma hapa amewahi kusingiziwa kitu ambacho amekikimbia maisha yake yote. Kizunguzungu kiliniisha pale pale, na kama kuna dawa ya kulewa bahari iliyo bora kuliko tangawizi basi ni ile. Nilimwambia nimelewa maji. Nimelewa bahari. Akanijibu, kwa upole ule ule wa kuudhi, kwamba yeye amezaliwa ndani ya hori, na mama yake amezaliwa ndani ya hori, na tangu Mungu aiweke hori ile hajapata kumsikia mtu aliyelewa kwa maji yake. Kulewa bahari ni kwa wanaokwenda bahari kuu.

"Na tumbo langu lilipoona mawimbi, lingeuliza kwanza kama tumetoka nje ya mlango?"

"Mawimbi gani, mkwe? Maji yamelala."

Yeye ndiye mwenye Kiswahili. Mimi nyumbani nasema Kigiriama, Kiswahili nimekipata sokoni. Lakini siku ile mimi ndiye niliyekuwa nikimfundisha lugha yake, kwamba kulewa kuna kwingi, na yeye akilikataa neno lake mwenyewe. Na ninajua kwa nini. Angelikuwa shemeji yake wa Malindi aliyelala kwenye boti lile, neno lingekuwa bahari. Kwa kuwa ni mjane wa mgema kutoka Gongoni, neno likawa mnazi. Hiyo ndiyo iliyoniuma, si kahawa tungu.

"Basi ile chupa, inuse," nikamwambia.

"Chupa itaniambia kilichobaki ndani yake. Haitaniambia ulichokunywa njiani." Akasita, akajitanda vizuri mtandio. "Kinachosema ni mdomo. Nipumulie."

"Nikufanyeje?"

"Nipumulie usoni, mara moja. Nisipoiona harufu, mtoto nakupa sasa hivi na radhi nakuomba."

Nimewaona askari wa barabarani wakiwasimamisha madereva na kuwapa kile kimrija wapulize. Madereva ni watu waliochukua roho za watu mkononi, wacha wapulize. Mimi ni mama wa mke wa mwanawe. Nimekuja na mafuta niliyokamua kwa mikono yangu. Nikamwambia, "Mkwe, mimi sipulizi. Wewe si askari, nami si gari." Nikatoka bandani, nikaketi juu ya mzigo wangu katikati ya ua, mahali ambapo kila apitaye ataniona.

Binti yangu yumo ndani, na mzazi hatoki kabla ya siku zake. Akaja dirishani. Sikumwona, nilisikia sauti tu nyuma ya pazia.

"Mama, mpumulie yaishe."

"Wewe mtoto, badala ya kumwambia mama yako hanywi."

"Nimemwambia. Anasema kila mtoto husema hivyo kuhusu mama yake."

"Na wewe unakubali?"

"Sikubali, mama. Lakini nataka umshike. Ana masikio ya baba."

Haya ni maneno ya kumwambia mtu aliyekasirika? Masikio ya mume wangu yalikuwa makubwa, yamesimama, upepo ukivuma juu ya mnazi niliogopa yatamrusha. Nikageuza uso wangu upande wa ukuta.

Mkwe, nimpe haki yake, alimpigia nahodha simu mbele yangu, akaweka sauti nje ili wote tusikie.

"Ulisema huyu mama amelewa," akamwambia.

"Ndiyo, bibi, amelewa sana, maskini."

"Amelewa nini?"

"Amelewa tu. Kwani bado hajapata nafuu? Mpeni ndimu."

"Nakuuliza amelewa kwa kitu gani?"

"Tangu pale kwenye kisiwa cha nyuki, bibi, alikuwa ameshika chupa yake hivi..."

Ikakatika. Alipopigiwa tena hakupatikana. Mkwe akaniangalia kama aliyeshinda kesi. Nikawaza mtu huyu mcheshi, mwema, aliyenibebea mizigo yangu, jinsi alivyonimaliza mara mbili kwa siku moja, na mara zote mbili akinionea huruma.

Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, mkwe akaenda kuswali. Mimi nikabaki juu ya mzigo wangu. Majirani wawili watatu walipita wakanitolea salamu, nikawaitikia kwa sauti kubwa kuliko kawaida ili wasikie maneno yangu yalivyonyooka, halafu nikajikasirikia kwa kufanya hivyo. Kwa nini mtu mwenye akili zake aitikie salamu kama anayefanya mtihani? Nikafikiria kurudi Gongoni. Boti lingerudi maji yakiwa bado yamejaa. Ningeondoka na heshima yangu yote, mafuta ya nazi ningeyaacha hapo uani wayaone na walijutie neno lao. Nilishaanza hata kufunga mzigo.

Ndipo mtoto akalia.

Si kile kilio cha njaa, hicho huanza taratibu na kumngoja mtu. Kilikuwa kile cha kukunja magoti, kinachokwenda mpaka pumzi ikakwisha, kikanyamaza, ukadhani kimekoma, kikaanza upya. Nikamsikia binti yangu akimbembeleza kwa wimbo ambao nilimwimbia yeye. Nikamsikia mkwe amemaliza swala, amempokea, anatembea naye ukumbini, huku na huku. Halafu binti tena. Mtoto hakumsikia yeyote. Na mimi nyuma ya ukuta ule mmoja, mikono iko juu ya fundo la kanga, haifungi wala haifungui. Huyu hajui mnazi wala maji wala neno la watu. Amekuja duniani juzi, anaumwa, na bibi yake amekaa uani analinda hadhi.

Nikasimama. Sikusema nimeshindwa, sikushindwa. Nilikwenda mpaka kwenye mlango wa nyuma nikamwita mkwe. Akatoka. Yeye ni mrefu, nikamwambia ainame. Akainama. Nikavuta pumzi yote niliyokuwa nayo, nikampumulia usoni, pumzi ndefu, mpaka mtandio wake ukasogea.

Alikuwa amefumba macho.

"Kahawa yangu," akasema. "Na tangawizi."

"Na ndimu."

"Na ndimu," akakubali. Akanusa tena, bila kuambiwa. "Na muhogo."

"Wa kuchoma. Wa alfajiri."

Nikangoja lile neno jingine aliloliahidi mwenyewe kwa mdomo wake, kwamba nisipokuwa na harufu ataniomba radhi. Nilimtazama, naye akatazama chini, akatazama miguu yangu yenye mchanga, kisha akasogea mlangoni akanipisha. Hiyo tu. Mtu anakutia aibu uani mchana kweupe, halafu kukupisha mlangoni ndiko kukulipa.

Binti yangu aliniwekea mtoto mikononi kabla sijakaa. Masikio yalikuwa yenyewe, hakuna la kubisha. Alikuwa mwepesi kuliko mafuta niliyobeba, na moto, na kinywa chote kimefunguka kwa kilio. Sitadanganya kwamba alinyamaza aliponiona. Alilia zaidi. Nikamlaza begani, nikampapasa mgongo, nikatembea naye pale pale walipotembea wenzangu, na hasira yangu nikatembea nayo pia, maana sikuwa na pa kuiweka. Tulikwenda mpaka dirishani tukarudi, tukaenda tukarudi, na mwishowe akajikunja, akanyooka, na yote aliyokuwa nayo tumboni akayamimina begani kwangu, juu ya kanga mpya, mpaka mgongoni. Kisha kimya.

"Si kitu, mkwe," mama mwenye nyumba akasema, kwa sauti laini ambayo sikuwa nimeisikia siku nzima. "Amecheua tu."

Amecheua. Mtoto ametengewa neno lake.

"Mwambie akupumulie," nikamwambia.

Binti yangu akajifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika. Mkwe hakucheka. Alikwenda akaleta kitambaa na maji ya moto, akanipangusa begani, akanipangusa mgongoni, akarudi tena begani ambako palikuwa pameshatakata. Alipangusa kwa muda mrefu sana. Radhi hajaniomba mpaka leo.